Kigogota Mwenye Ndevu: Ndege Aishiye kwa Miti Mikavu

Mti ukifa shambani au kando ya njia, mwenye jiko huona kuni za juma zima, na mwenye nyumba huona tawi linalongoja kumwangukia paani. Mkata makaa hupiga hesabu ya magunia. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza, je, mti huu mkavu una mwenyewe? Na hali wenyewe wapo, tena wengi. Mmoja wao ndiye ndege tutakayemzungumzia leo, ndege mkubwa wa miti ambaye asipopata mti uliokufa hana chakula, hana nyumba, na hata sauti hana.

Ndege huyo ni kigogota. Wazee waliompa jina hilo walimtazama kazini, kwani kugogota ni kupiga kitu kigumu mfululizo, kama mtu abishaye hodi au fundi achongaye ubao. Wengine humwita kigong'ota au gogota, na majina yote hayo yatokana na mlio wa mdomo wake juu ya gogo. Hapa Kenya tunao vigogota wa aina zaidi ya 10. Baadhi yao ni wadogo sana, sawa na shorewanda, na baadhi ni wakubwa kama njiwa mdogo. Katika hao wakubwa, mashuhuri ni kigogota mwenye ndevu.

Sura yake na sauti yake

Urefu wa kigogota huyu, tangu ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia, ni kiasi cha sentimita 23 hadi 27. Katika vigogota wa Afrika Mashariki ni miongoni mwa walio wakubwa kabisa. Mgongo wake ni wa rangi ya kahawia iliyochanganyika na kijani kibichi kilichofifia, nao una mistari myembamba myeupe. Kifuani na tumboni ni kijivu cha kiza, pia chenye mistari myeupe. Uso wake ni mweupe, umekatwa na baka jeusi nyuma ya jicho na mstari mweusi ushukao kutoka pembeni mwa mdomo kama ndevu za mzee zilizotunzwa. Hizo ndizo zilizompa jina, ijapokuwa si nywele bali ni manyoya tu yenye rangi hiyo.

Dume hujulikana kwa utosi wake mwekundu upande wa nyuma. Jike hana wekundu huo. Kichwa chake ni cheusi chenye vitone vyeupe mbele. Kwa hiyo ukimwona mmoja juu ya mgunga, tazama kichwa kwanza na utajua ni bwana au ni bibi.

Hata hivyo, watu wengi humsikia kabla ya kumwona. Anapogogota, mapigo yake huanza kwa haraka sana, kisha hupungua na kuachana mpaka yakahesabika moja moja: trrrrr, ta, ta, ta, ta. Mlio huo hufika mbali sana panapokuwa na utulivu wa asubuhi. Si kila kugogota kwake ni kutafuta chakula. Mara nyingi ni maneno anayowatumia wenziwe: "Hapa pana mwenyewe." Dume na jike wote hupiga, na kila mmoja huchagua tawi lenye mwangwi mzuri, kama vile mpiga ngoma achaguavyo ngozi iliyokauka barabara. Ngozi mbichi haitoi sauti, na mti mbichi vivyo hivyo.

Zana alizoumbiwa

Fundi wetu wa jahazi hana budi kuwa na tezo, nyundo, patasi na mahali pa kukanyaga pasipoteleza. Kigogota amepewa vyote hivyo mwilini mwake. Miguu yake ina vidole viwili vinavyoelekea mbele na viwili vinavyoelekea nyuma, ili aweze kushika gome la mti uliosimama wima. Manyoya ya mkia wake ni magumu, naye huyategemeza kwenye mti kama mguu wa tatu wa kiti. Mdomo wake umenyooka na kuchongoka mithili ya patasi.

Ulimi wake nao ni ajabu. Ni mrefu kuliko mdomo maradufu, na mifupa inayoushikilia huzunguka nyuma ya fuvu la kichwa hadi juu ya utosi. Ncha yake ina vimiba vidogo na mate yanatayo. Akishatoboa, huuingiza ulimi huo katika njia ya mdudu na kumvuta nje, kama mtu avutaye kamba kutoka kisimani.

Kwa miaka mingi ilisemekana kwamba fuvu lake lina kitu kama mto wa sufi unaopunguza kishindo, ili ubongo usiumie. Mwaka wa 2022 wataalamu walitoa uchunguzi uliofanywa kwa picha za kasi sana za vigogota wa aina tatu, na wakaonyesha kwamba sivyo. Kichwa cha kigogota hupiga kama nyundo ngumu, wala hakipunguzi kishindo chochote. Kama kingelikuwa na mto ndani, nguvu ya pigo ingelipotea bure. Kinachomwokoa ni udogo wa ubongo wake, kwani kitu kidogo na chepesi hustahimili kishindo ambacho kikubwa hakiwezi kukistahimili.

Kwa nini mti mkavu?

Mtu anaweza kuuliza, kwa nini ndege mwenye zana kama hizo asichonge mti wowote tu? Jibu liko katika mti wenyewe. Mti mbichi ni mgumu na una utomvu. Ukifa, kuvu huanza kuulainisha kidogo kidogo kutoka ndani, na mbawakawa huja kutaga mayai chini ya gome. Mayai hayo huangua mabuu, wale funza weupe wabunguao mbao, ambao seremala yeyote anawajua na kuwalaani. Kwa kigogota mwenye ndevu hao ndio mkate wake. Hula pia sisimizi, viwavi na buibui, na mara mojamoja humkamata mjusi. Tabia yake ni kukaa pahala pamoja kwa muda mrefu, akichonga mpaka amfikie yule mdudu aliyejificha ndani kabisa.

Nyumba yake pia ni humo humo. Mume na mke husaidiana kuchimba tundu katika shina au tawi nene lililokufa. Jike hutaga mayai 2 hadi 4, meupe, na wote wawili hupokezana kuyaatamia kwa muda wa kiasi cha siku 13. Makinda hukaa tunduni karibu wiki 4 kabla ya kuruka.

Basi tukusanye mambo matatu haya: chakula kimo katika mti mkavu, nyumba imo katika mti mkavu, na tawi la kutangazia mpaka wake nalo ni la mti mkavu. Ndege wengi wakikosa kimoja hukimbilia kingine. Huyu vyake vyote vimo katika chungu kimoja, na chungu hicho kikivunjwa hana pa kwenda.

Wahenga walisema, kila ndege huruka kwa ubawa wake. Tunaye kigogota mwingine, mdogo wa sentimita 15 hivi, ambaye wataalamu humwita kigogota kadinali. Huyo hukaa hata katika bustani za mijini, na hujipatia riziki katika vitawi vyembamba na hata katika mabua ya mahindi. Udogo wake humfanya aridhike na kidogo. Lakini kigogota mwenye ndevu ni mkubwa, na tundu la kumtosha yeye na makinda yake haliwezi kuchimbwa katika kitawi. Yataka shina nene la mti uliokua miaka mingi, ukazeeka, ukafa, kisha ukaachwa umesimama. Hapo ndipo penye shida yake yote. Miti michanga twaweza kuipanda kwa maelfu leo, na magazeti yakatupiga picha. Mti mzee uliokufa hauwezi kupandwa.

Anakopatikana

Ndege huyu aliandikwa katika vitabu vya elimu mwaka wa 1793, na jina lake la kitaalamu, namaquus, hukumbusha nchi ya Wanama kusini magharibi mwa Afrika. Lakini makao yake ni mapana kuliko jina hilo. Yuko tangu Chad ya kusini na Jamhuri ya Afrika ya Kati, akapita Sudan Kusini na Ethiopia, akashuka Kenya, Uganda na Tanzania, mpaka Zambia, Angola, Botswana, Zimbabwe, Msumbiji na kaskazini mashariki mwa Afrika Kusini. Wataalamu humgawa katika makabila matatu kwa tofauti ndogo za rangi na ukubwa.

Ukiitazama ramani hiyo utaona pengo kubwa katikati. Msitu mnene wa bonde la Kongo hana habari nao. Huyu si ndege wa msitu uliofungamana hata jua lisipenye, wala si ndege wa mbuga tupu isiyo na mti. Apendapo ni pale penye miti mirefu iliyoachana, yenye nyasi au vichaka chini yake: migunga kandokando ya mito, miombo ya Tanzania, na miti ya mopani huko kusini.

Hapa Kenya huonekana katika migunga ya Samburu na Meru, katika miti ya kandokando ya maziwa ya Bonde la Ufa, na katika nyika ya Tsavo. Mahali pote hapo hawi wengi. Mume na mke hushika eneo kubwa, na mtu aweza kutembea asubuhi nzima katika pori zuri asikutane na zaidi ya jozi moja. Hili tulikumbuke, kwani litatufaa tutakapoizungumzia hali yake.

Je, mwambao wetu? Hapa aliye nyumbani hasa ni jamaa yake, kigogota wa Mombasa. Naam, mji wetu una kigogota wake. Wataalamu wawili Wajerumani, Fischer na Reichenow, walimwandika mwaka wa 1884 na wakampa jina la mombassica. Yeye ni mdogo kidogo kuliko yule mwenye ndevu, na mgongo wake ni wa kijani chenye vitone. Duniani kote hapatikani ila katika ukanda wa pwani, tangu ncha ya kusini ya Somalia, akapita Kenya, mpaka kaskazini mashariki mwa Tanzania. Katika msitu wa Arabuko-Sokoke na vilima vya Shimba yuko. Kwa hiyo tunapomzungumzia jamaa yake wa nyika, tusidhani ni habari za watu wa mbali. Hawa ni ndugu, na shida ya miti mikavu imewapata wote wawili.

Somo la Tsavo

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Nairobi hupita katikati ya Tsavo, na wengi hudhani nyika ile imekuwa vile tangu siku za Adamu. La hasha. Hifadhi hiyo ilipoundwa mwaka wa 1948 ilikuwa imefunikwa na vichaka na miti ya jamii ya manemane. Katika miaka ya 1950 na 1960 ndovu walizidi humo ndani, nao wakaivunja miti, wakaimenya magome, wakachimbua hata mibuyu. Pahala pengi pakageuka mbuga ya nyasi. Wakubwa wa wanyama na wataalamu walibishana vikali kama ndovu wapunguzwe kwa bunduki au waachiwe Mungu. Kisha ukaja ukame wa mwaka wa 1970 na 1971, na ndovu kwa maelfu wakafa kwa njaa. Baadaye wawindaji haramu wakaua wengine wengi. Ndovu walipopungua, vichaka na miti ikaanza kurudi.

Kisa hiki chatufundisha nini juu ya kigogota? Kwamba mti kufa si msiba kwake, mradi pawe na mwingine nyuma yake. Ndovu mmoja amenyae mti mmoja humwandalia karamu ya mabuu na nyumba juu yake. Lakini miti yote ikifa kwa pamoja, karamu huwa kubwa kwa miaka michache, kisha magogo huanguka, huliwa na mchwa, na pale hubaki pakavu. Jambo kama hilo limeonekana karibu na maziwa ya Nakuru na Naivasha, ambako maji yalipanda sana baada ya mwaka wa 2010 na kuizamisha migunga mingi mikubwa. Miti hiyo ilikufa imesimama majini. Lakini pale ilipozama hakuna mche utakaoota chini yake kuirithi.

Kinachotakiwa basi ni mfuatano: mche, mti mchanga, mti mzima, mti mzee, na mti mkavu, vyote kwa pamoja katika pori moja. Ukikatika mmoja katika mnyororo huo, mnyororo wote ni bure.

Hali yake leo

Katika orodha ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini, kigogota mwenye ndevu amewekwa miongoni mwa wale wasio na hofu ya kutoweka kwa sasa. Na ni haki, kwa kuwa ameenea nchi nyingi, naye yumo katika hifadhi za wanyama kama vile Serengeti, Ruaha na Kruger.

Lakini orodha ya dunia ni kama hesabu ya mali ya ukoo mzima. Ukoo waweza kuwa tajiri na nyumba moja ndani yake ikalala njaa. Ndege anayekaa jozi moja moja katika eneo kubwa hupotea kimya kimya. Pori likilimwa, jozi mbili zikaondoka, hakuna atakayepiga mbiu. Hakuna kundi lililokuwapo ambalo watu watasema, mbona leo hatulioni? Ni mlio tu wa asubuhi uliokoma, na jirani waliouzoea hawatambui siku uliyokoma.

Kwa sababu hiyo, ndege wa namna hii hawawezi kujulikana hali yao ila kwa watu wengi kuandika waonayo, mwaka baada ya mwaka, mahali kwa mahali. Mwaka wa 1989 kilitolewa kitabu cha ramani za ndege wote wa Kenya. Tangu mwaka wa 2013 kazi hiyo imeanzwa upya, watu wa kawaida wakiandika ndege wawaonao katika miraba midogo ya nchi, na ramani mpya ikilinganishwa na ile ya zamani. Makumbusho ya Taifa yamo katika kazi hiyo, na hapa pwani wamo wahifadhi wa Watamu. Kijana wa Malindi au Voi mwenye jicho zuri na subira aweza kuchangia elimu hiyo kwa kuandika tu: leo nimemsikia, pahala fulani, saa fulani.

Makaa, kuni na sheria

Sasa tufikie penye uzito. Nyumba nyingi za mwambao zingali zinapika kwa makaa, na hata mwenye mtungi wa gesi huliweka jiko la makaa kwa ajili ya pilau na mishikaki. Makaa hayo hutoka katika nyika zilizo nyuma yetu: Kwale, Kilifi, Taita na Tana. Mchomaji hapendi mti laini. Hutaka mgumu na mnene, kwani ndio utoao makaa mazito yasiyoisha upesi, na mgunga mkubwa humpendeza kuliko yote.

Serikali imejaribu mara nyingi kuizuia hasara hiyo. Mwaka wa 2009 zilitolewa kanuni za makaa zilizomtaka mchomaji na msafirishaji wawe na leseni. Mapema mwaka wa 2018 Kaunti ya Kitui iliipiga marufuku biashara hiyo, na mwezi wa Februari mwaka huo huo Serikali Kuu ikasimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma. Mwezi wa Julai 2023 ilitangazwa kwamba marufuku hiyo ya misitu imeondolewa.

Tukizitazama juhudi hizo kwa jicho la kigogota, tutaona jambo ambalo halisemwi sana. Karibu sheria na desturi zetu zote za kuhifadhi misitu huulinda mti mbichi. Kuhusu mti mkavu husema: chukua. Ruhusa ya kuokota kuni msituni kwa kawaida huwa ni ya kuni kavu, na mwanakijiji mwema aitiiye sheria ndiye huyo asiyegusa mti ulio hai na akauangusha uliokufa. Yaani kadiri tunavyozidi kuulinda mti wenye majani, ndivyo mzigo unavyozidi kuuangukia ule usio na majani.

Wala tusimtwike lawama mama wa Kiriama abebaye mzigo wa kuni kichwani kilomita kadhaa. Yeye ana watoto wa kulisha usiku huo. Kuni zake nyingi huwa ni matawi yaliyokwisha kuanguka, na hayo si nyumba ya kigogota. Chenye kudhuru ni kuuangusha mti mkubwa mkavu uliosimama, na kwa kawaida afanyaye hivyo ni mwenye shoka au msumeno na lori njiani. Tofauti baina ya kuni za chini na mti uliosimama ni ndogo katika maneno, lakini kwa ndege huyu ndiyo tofauti ya uhai na mauti.

Wapangaji wa kigogota

Kama ingelikuwa ni ndege mmoja tu, pengine mtu angesema, mwacheni aende. Lakini kigogota ni fundi anayejenga na kuwaachia wengine. Tundu moja halitumii milele. Akilihama, huingia wasioweza kuchonga. Kwenzi hutaga humo. Mdiria wa porini, ambaye hana haja na samaki, hutaga humo. Bundi mdogo mwenye vitone hulala humo mchana. Wamo pia hudihudi, yule ndege wa kilemba anayetajwa katika habari za Nabii Suleiman na Malkia wa Saba, na baadhi ya hondohondo wadogo, ambao jike wao hujifungia ndani kwa udongo na kulishwa na mumewe kupitia ufa mwembamba. Hata nyuki hupata mzinga.

Ndege wote hao hawana mdomo wa kutoboa mti. Wanategemea matundu yaliyotokea yenyewe au yaliyochimbwa na vigogota na wenzao wachache. Na mwenye shamba ajue kwamba wapangaji hao ndio walao nzige, viwavi na panya wake bila ya kudai ujira. Kodi ya nyumba yao ni mti mmoja mkavu.

Yaliyowapata wengine

Tuseme pengine haya ni hofu ya bure, na kigogota atajipatia njia. Wamarekani nao walidhani hivyo. Kusini mwa Marekani alikuwapo kigogota mkubwa karibu mara mbili ya huyu wetu, mwenye mdomo mweupe kama pembe ya ndovu. Chakula chake kilikuwa mabuu ya miti mikubwa iliyotoka kufa karibuni. Misitu ya mabondeni ilikatwa baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, na kufikia miaka ya 1930 kundi lililojulikana lilikuwa limebaki katika msitu mmoja wa Louisiana. Mtaalamu James Tanner alikaa naye tangu mwaka wa 1937 hadi 1939 na akaeleza wazi kwamba ndege huyo hawezi kuishi ila penye miti mizee inayokufa. Watu wengi waliomba msitu ule uachwe. Haukuachwa. Mara ya mwisho kuonekana kwa ushahidi uliokubaliwa na wote ilikuwa ni mwaka wa 1944. Tangu hapo ni uvumi na mabishano, na mpaka leo wako wamtafutao.

Upande wa pili, huko Ulaya yupo kigogota mweusi, naye ni mkubwa kama yule wa Marekani. Katika karne ya 20, misitu mingi ya Ulaya Magharibi ilipoachwa ikue na kuzeeka, ndege huyu alienea upya mpaka Ufaransa, Ubelgiji na Uholanzi. Na huko Sweden, ambako mbao ni biashara kubwa ya nchi, wakataji wa miti tangu miaka ya 1990 huacha makusudi baadhi ya visiki virefu, urefu wa mita 3 au 4, vife vikiwa vimesimama kwa ajili ya wadudu na ndege. Watu hao si wajinga wa fedha. Wamepiga hesabu wakaona kisiki kimoja hakiwafilisi.

Desturi iliyo karibu nasi

Wala hatuna haja ya kwenda Sweden kujifunza. Hapa pwani, katika Kaya za Wamijikenda, wazee waliweka miiko kwamba msitu usikatwe, na katika Kaya nyingi hata kuni kavu hazikuokotwa ovyo. Mti uliachwa uzeeke, ufe, na uanguke wenyewe. Walioweka miiko hiyo walikuwa na sababu zao, wala hawakuwa wakimfikiria ndege. Lakini matokeo ni kwamba Kaya hizo, ambazo mwaka wa 2008 ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia, zimebaki na miti ya umri wote, tangu mche hadi gogo.

Jambo linalotakiwa kwetu si kubwa. Mwenye shamba aliye na mti mkubwa uliokufa, ulio mbali na nyumba, njia na nyaya za umeme, auache usimame. Akitaka kuni, akate matawi membamba na kuliacha shina na matawi mawili manene. Vikundi vya wanakijiji vinavyoshirikiana na serikali kutunza misitu vinaweza kuandika katika mipango yao kwamba kuni za chini ni halali kuokotwa, na mti mkavu mkubwa uliosimama uwekwe alama usiguswe. Na walimu wanaowachukua watoto kupanda miti kila mwaka wawaonyeshe pia mti mmoja mzee, wawaambie ni nani akaaye ndani yake.

Wahenga wetu wamekwisha kutuusia, udongo upatize ungali maji. Kigogota mwenye ndevu bado yupo nyikani, na jamaa yake mwenye jina la Mombasa bado yupo Sokoke na Shimba. Hawajafikia kuwa ndege wa kutafutwa kwa uvumi kama yule wa Louisiana, na kuwahifadhi leo hakugharimu hata senti moja. Ni shoka tu liwekwe chini mbele ya mti mmoja mkavu, ulio mnene, ulio mbali na nyumba.